Pembe ya Kushoto ya Shuka

Pale londri waliitwa Kinanda na Kimya, na mgeni hakuhitaji kuambiwa yupi ni yupi. Kinanda alikuwa mjane wa makamo, mnene wa kupendeza, mwenye wimbo mdomoni tangu anapofunga aproni hadi anapoivua. Kimya alikuwa mwembamba, mdogo kwa umri, na akitamka sentensi mbili mfululizo wenzake waligeuka kutazama kama kuna moto. Walikuwa mawifi. Kimya alikuwa ameolewa na mdogo wake Kinanda, fundi seremala, na mshenga wa ndoa ile alikuwa Kinanda mwenyewe. Alimtazama binti akikunja mashuka kwa muda mrefu, kisha akaenda nyumbani akamwambia nduguye, "Nimekuonea mke. Ana mikono mizuri na hana domo. Domo ninalo mimi, litatutosha wote."

Waliishi ua mmoja, milango ikitazamana. Asubuhi walikwenda kazini pamoja, jioni wakarudi pamoja, na Seremala alizoea kusema kwamba mgeni katika ndoa yake ni yeye. Watu wa londri hawakuiamini amani hiyo. Tangu lini wifi na wifi wakapatana? "Ngojeni," alikuwa akisema Povu, fundi wa mashine za kufulia, mtu wa mzaha ambaye hata msibani angepata la kuchekesha. "Moshi hamjauona, lakini kuni zipo."

Kazi ya mawifi ilikuwa kukunja. Mashuka ya mahoteli na ya hospitali yalitoka kwenye mashine ya kukaushia yakiwa bado ya moto, na kila shuka lilitaka watu wawili. Mmoja anashika pembe mbili huku, mwenzake mbili kule. Wanalikung'uta, wanalivuta mpaka linyooke, wanatembea kukutana, na mmoja anamkabidhi mwenzake pembe zake. Anayetoa haachii mpaka ahisi mwenzake amepokea. Hilo hakuna anayelifundisha kwa maneno, mtu hulijua kwa vidole. Kinanda alikuwa mtoaji na Kimya mpokeaji, na wimbo wa Kinanda ndio uliowapimia hatua. Shuka likigusa sakafu linarudi kufuliwa upya, na msimamizi hukosi kumsikia akiuliza ni mikono ya nani. Mikono ya mawifi ilitajwa kwa nadra sana.

Sasa, kati ya chumba cha mashine na chumba cha kukunjia kulikuwa na ujia. Nauelezea kwa sababu ndio uliotuletea haya yote. Ulikuwa mwembamba, wa saruji iliyosuguliwa na magurudumu ya matoroli mpaka ikang'aa, na ulishuka kidogo kuelekea kwenye mashine. Pembeni kulikuwa na mfereji wa kupokea maji, lakini mfereji huo ulikuwa umezibwa na manyoya ya nguo siku nyingi, kila mtu akijua, kila mtu akisubiri mwenzake aseme. Maji yaliyodondoka kutoka kwenye matoroli yakabaki palepale njiani. Dawa iliyobuniwa ni kutandika mashuka mabovu, yale yaliyochanika yasiyofaa tena kitandani, yanywe maji. Na kweli yaliyanywa, asubuhi. Kufika saa nne yalikuwa yamelewa, yakawa utelezi juu ya utelezi.

Hakuna aliyefanya kazi pale bila kuanguka. Kuanguka kwenyewe kulipewa jina: kupima, kana kwamba mtu ameipima sakafu kwa urefu wa mwili wake. Mtu akipiga mweleka, Povu alipaza sauti kutoka kwenye mashine zake, "Futi ngapi?" Naye aliyeanguka, kama ana adabu ya kazi, alijibu palepale alipo, "Futi tano!" au "Tano na kidogo!" Watu wakapiga makofi, kazi ikaendelea. Aliyenuna aliitwa mtoto wa mama kwa muda mrefu. Hivi ndivyo tulivyo wanadamu, jambo likitushinda kulirekebisha tunalitungia utani, na utani ukishanoga hakuna tena anayekumbuka kulirekebisha.

Siku aliyopima Kinanda ilikuwa siku ya kawaida kabisa. Alikuwa anatoka kwenye mashine amekumbatia foronya zimemfika kidevuni, anaimba. Akakanyaga shuka bovu, shuka likaenda, yeye akabaki. Foronya ziliruka huku na huku. Alianguka chali, kisogo kikaigonga saruji kabla mwili mwingine haujafika, na Kimya, aliyekuwa amesimama mlangoni akimsubiri, aliusikia mlio wake. Ulikuwa mlio mkavu, mfupi. Baadaye aliukumbuka hata akiwa anakula.

Povu, ambaye hakujua kunyamaza, akapaza sauti, "Futi ngapi?"

Kinanda alikuwa amefumba macho. Akajibu bila kuyafumbua, "Andika sita! Na kichwa nimekuongezea bure!"

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Kimya naye alicheka. Alimwinua wifi yake huku machozi ya kicheko yakimtoka, akampapasa kisogoni akakuta nundu, na wote wawili wakaicheka nundu. Msimamizi alikuja akauliza kama kuna damu. Hakukuwa na damu. Yeye alikuwa mtu wa maneno mazuri, aliyeamini kwamba hakuna la dunia hii lisilotibika kwa vidonge viwili vya maumivu, akavitoa mfukoni, Kinanda akavimeza kwa chai. Akakifunga upya kitambaa chake cha kichwa, wakarudi kukunja. Pasipo damu watu huona hapana kesi.

Cha kwanza kupotea kilikuwa wimbo. Wiki iliyofuata Kinanda alikunja mdomo umefungwa. Kimya alimuuliza kulikoni, akajibiwa, "Kichwa kinaniuma." Jibu hilo pale londri halikuwa habari. Kwa mvuke ule na dawa zile za madoa, kichwa kilimuuma kila mtu. Watu waliambizana kichwa kinaniuma kama wanavyoambizana habari za asubuhi, na mwenzako alijibu "pole, hata mimi" bila kuinua macho.

Kisha tabia nayo ikaanza kugeuka, polepole. Kinanda, aliyekuwa akicheka hata anapokemewa, alianza kufoka. Alimfokea Povu kwa kupiga mluzi. Alimfokea muuza maandazi wa getini, ambaye kwa mshangao alimwongezea andazi. Nyumbani alipika akaacha chungu kikaungua, Kimya alipokitoa jikoni akaambiwa aache kimbelembele. Kimya alinyamaza, hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Alijiambia mtu mzima ana siku zake. Lakini siku zenyewe zikawa nyingi, na usiombe ukae na mtu anayekununia ua mmoja mnaotumia kamba moja ya kuanikia.

Ndipo ikaja siku ya shuka. Walikuwa wanakunja, chumba kizima kipo, hata msimamizi yupo anahesabu mafurushi. Pembe ikamponyoka Kimya. Ni bahati mbaya tu, jasho la mikono, shuka likagusa sakafu. Kinanda akamtazama, akasema kwa sauti ile yake iliyozoea kufika mbali, "Mimba ilikushinda kuishika, shuka utaliweza?"

Msimamizi aliacha kuhesabu.

Lazima nieleze. Kimya alikuwa amewahi kushika mimba, ikatoka ikiwa changa, mchana mmoja wa mvua, Seremala akiwa safarini kununua mbao. Aliyekuwa naye ni Kinanda. Kinanda ndiye aliyemwosha, akamlaza, akachemsha maji, kisha akayachukua mashuka yale akayafua kwa mikono yake mwenyewe uani, mvuani, asije jirani akaona akauliza. Alipomaliza kuyakamua aliingia ndani akakaa kitandani akamshika mkono. "Hili tumelifua wifi," alimwambia. "Limeisha. Halitatoka mdomoni mwangu." Na Kimya aliamini, kwa sababu domo lote lile la Kinanda halikuwahi kutoa siri ya mtu. Hakuna aliyejua zaidi ya wao wawili na Seremala.

Wahenga wanasema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Kimya aliliokota shuka, akalipeleka kwenye toroli la uchafu, akaenda moja kwa moja kwa msimamizi akaomba apewe mwenza mwingine. Hakulia. Alilia nyumbani, amejifungia chooni, maji ya bomba yakiwa wazi.

"Dada yako na mimi basi," alimwambia mumewe jioni hiyo.

"Amekufanya nini?"

"Muulize mwenyewe."

Seremala alivuka ua akaenda kwa dada yake. Alirudi baada ya muda mfupi, amejikuna kichwa mpaka vumbi la mbao limemwagika mabegani. "Amelala," alisema. "Namsemesha, anageukia ukutani. Anasema kichwa kinamuuma."

"Kichwa kinatuuma wote," alisema Kimya.

"Sasa mimi nifanyeje? Wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi. Nyasi ndiyo mimi."

Kimya hakucheka. Kitu kilichomuuma zaidi ni kwamba alianza kuyapitia upya mambo ya nyuma. Je, siku ile ya mvua, Kinanda alipomshika mkono, moyoni alikuwa akisema hivyo hivyo? Mimba imemshinda? Alichukua kila wema wa wifi yake, mmoja mmoja, akaugeuza upande wa pili akatafuta doa. Ukilitafuta doa huwezi kulikosa. Akaamini kwamba kumbe alikuwa akichukiwa muda wote, na kwamba wimbo ulikuwa wa kufunikia. Na pale londri walimsaidia kuamini. "Tulisema sisi," walimwambia. Povu aliitikia kwa kichwa kama mganga aliyetabiri.

Baada ya hapo kila alichofanya Kinanda kilikuwa tusi. Walipopishana ujiani alimpiga Kimya kikumbo cha bega, tena siku mbili tofauti, bila kuomba radhi. Alivaa blauzi imegeuzwa, Kimya akasema ni dharau ya kuja kazini. Alipoteza kandambili ya mguu mmoja akaendelea kutembea bila kugeuka, watu wakasema sasa anataka kuonewa huruma. Alichelewa, akasinzia kwenye mafurushi, akaitwa na msimamizi, akasema kichwa kinamuuma, akapewa vidonge viwili. Kimya aliyaona yote haya kwa pembe ya jicho, na jioni moja, akiwa peke yake anaosha vyombo, alisema jambo, si kama dua ya kumwomba Mungu, lilimtoka tu kwenye povu la sabuni: laiti angefungwa huo mdomo.

Yule mwenza mpya wa Kimya alikuwa na mtoto mgonjwa, na siku asiyokuja ndiyo siku ambayo hoteli moja ilileta mashuka ya wageni wa mkutano mzima. Msimamizi aliangalia mlima ule, akawaangalia watu alionao. "Mawifi," akasema, "leo mtakunja pamoja. Mkitaka kugombana, gombaneni na mikunjo."

Walisimama wakatazamana, shuka katikati. Kinanda alikuwa amekonda usoni, kitambaa kimekaa upande. Kimya hakumsalimu. Walikung'uta, wakavuta, wakatembea kukutana bila wimbo. Kinanda akanyoosha mikono kutoa. Pembe ya kulia ilifika. Ya kushoto ilikuwa imeshaanguka zamani, inaburuta chini.

Kimya akalitupa kwenye toroli la uchafu. Wakachukua lingine. Pembe ya kushoto ikaanguka tena. Msimamizi aliinua macho.

"Unafanya makusudi," alisema Kimya kwa sauti ya chini. Damu ilikuwa inamchemka. Baada ya yale aliyomwambia kuhusu kushika na kutoshika, leo anaangusha mashuka ili lawama iwe ya wawili.

Shuka la tatu. Kimya alimkazia macho mwenzake, hakutazama shuka, alimtazama yeye. Wakatembea. Katikati ya chumba shuka likamteleza Kinanda upande uleule, likagusa sakafu.

"Shika!" Kimya alipiga kelele. Watu wote waligeuka, maana hiyo sauti hawakuwahi kuisikia.

"Nimeshika," alisema Kinanda.

"Umeshika nini? Tazama!"

"Si nimeshika, wifi?"

Alisema bila hasira, kama mtoto anayeonyesha daftari lake. Na mkono wake wa kushoto ulikuwa mbele yake, umeinuliwa nusu, vidole vimejikunja kidogo, hakuna kitu ndani. Shuka liko chini. Kinanda alimwangalia Kimya usoni, akisubiri apokee.

Kuna hasira inayoisha polepole na kuna inayokatika kama uzi. Kimya aliachia pembe zake zote, shuka zima likaanguka, akasogea akamshika wifi yake mikono yote miwili. "Nibane," alisema. "Nibane kwa nguvu." Mkono wa kulia ulimbana mpaka pete ikamuumiza. Wa kushoto ulilala mkononi mwake kama kitambaa kilicholowa. Akamtazama usoni kwa karibu, kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. Upande mmoja wa mdomo ulikuwa umeshuka.

Blauzi iliyogeuzwa. Kandambili. Bega, ni bega la kushoto, sikuzote ni la kushoto. Ukamjia mlio ule mkavu wa kisogo kwenye saruji.

"Wifi, kichwa?"

"Nimewaambia kinauma," alisema Kinanda, na macho yakamlegea.

Msimamizi alisema akalazwe kwenye mafurushi apumzike, ni mvuke tu. Akaingiza mkono mfukoni kutafuta vidonge. Kimya aliushika ule mkono uliokuwa mfukoni.

"Alianguka kwenye ujia wako," alimwambia. "Akagonga kichwa, sote tukacheka. Ukitoa kidonge nitakupigia kelele mpaka barabarani wasikie. Toa gari."

Gari lilikuwa la kupelekea mashuka, na lilisimama ng'ambo ya chumba cha mashine. Njia ya kulifikia ilikuwa moja tu. Walimlaza Kinanda kwenye toroli, juu ya mashuka ya hoteli yaliyokunjwa tayari, na hakuna aliyesema yatachafuka. Povu alitangulia ujiani akayazoa yale mashuka mabovu kwa mikono, akayatupa ukutani, akavua viatu, akatembea kinyumenyume peku akiwa ameshika mbele ya toroli, hatua kwa hatua, uso umejaa jasho. Wote walipita wameshikana. Hakuna aliyeuliza futi.

Hospitali ilikuwa mmoja wa wateja wao, na Kimya aliyatambua mashuka yao pale kitandani, kwa mkunjo. Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye macho ya uchovu. Alimmulika Kinanda machoni, akampigapiga goti, akauliza, "Amewahi kuanguka?"

"Alianguka kazini. Wiki kadhaa zimepita."

"Alizimia?"

Kimya alikumbuka macho yaliyofumbwa na lile jibu la utani lililofuata. "Alitania," alisema. "Tukajua ni mzima."

"Na baada ya hapo mliona amebadilika? Mkali, msahaulifu, anasema maneno asiyokuwa akiyasema?"

"Niliona."

"Mkadhani ni nini?"

Kimya aliinama. "Nilidhani ni uwifi tu."

Daktari hakucheka. Walimpiga Kinanda picha ya kichwa, na daktari akamweleza taratibu kwamba mshipa mdogo ulipasuka siku ile ile, damu ikawa inavuja kidogo kidogo kati ya fuvu na ubongo, inakusanyika, inaukandamiza. Mtu anaweza kutembea nayo siku nyingi. Anaumwa kichwa, anageuka tabia, kisha mkono, kisha mguu, kisha analala haamki tena. Ingebidi watoboe fuvu waitoe, na ingebidi iwe sasa.

"Na yale maneno," aliuliza Kimya, akiona aibu kuuliza jambo lake wakati kama huo. "Aliyoyasema. Yalikuwa yake?"

Daktari alifikiri. "Tuseme gari lilikuwa lake," alijibu. "Lakini breki hazikuwepo."

Seremala alifika na vumbi la mbao masikioni, penseli bado iko juu ya sikio. Wakakaa kwenye benchi. Alimuuliza mkewe dada yake alimwambia nini siku ile kazini, mbona hakuwahi kumweleza. Kimya akatikisa kichwa. Alikuwa akifikiria povu la sabuni na lile neno lililomtoka. Laiti angefungwa huo mdomo. Sasa mdomo ulikuwa umefungwa kweli, ndani, nyuma ya milango miwili, kichwa kimenyolewa, na kama usingefunguka tena yeye angeishi na neno hilo hadi kaburini. Alimpenda wifi yake. Alikuwa amempenda hata wakati anamchukia, na ndiyo maana ilimuuma kiasi kile. Alishika mkono wa mumewe akaubana, naye akambana, na kila alipohisi umelegea alimbana tena kuhakikisha.

Mdomo ulifunguka kesho yake. Neno la kwanza la Kinanda lilikuwa kuuliza nani amemnyoa bila kumuuliza, na Seremala alitoka nje akalia kama mtoto.

Msimamizi alikuja hospitali na matunda na maelezo. Matunda yaliliwa. Maelezo yalikuwa kwamba mfereji ulikuwa kwenye mipango, na Povu, aliyekuja naye, alimkatiza mbele za watu akamwambia wafuaji hawatasukuma toroli tena mpaka waone mpango huo una sururu na saruji. Nimesikia mfereji umezibuliwa, na sakafu imechongwachongwa ili miguu ishike. Wanasema yaliyotoka mle mferejini yalijaza magunia. Kazi ya siku moja, jamani. Siku moja tu.

Kinanda alirudi nyumbani mwembamba, ana kovu juu ya sikio, na wiki zile zote zimefutika. Alikumbuka anaanguka, akakumbuka anaamka hospitali, katikati hamna. Mkono wa kushoto ulirudi polepole, kwa uvivu. Muuguzi alikuwa amempa kipira laini cha kufinya, yeye akasema si mtoto, akataka shuka. Basi kila mchana Kimya aliyaanua mashuka yao wenyewe pale uani, wakasimama mmoja huku na mmoja kule, wakakunja. Mengi pembe zake zilianguka. Wakayakung'uta vumbi, wakaanza upya, hapakuwa na msimamizi.

Mchana mmoja Kinanda alikuwa ameanza kuvumisha wimbo puani, halafu akaukata.

"Wifi."

"Naam."

"Jana Povu alipokuja na wenzake walinitazama kama wanatazama mtu aliyefufuka. Mmoja akaninong'oneza, 'Kimya ana moyo, yale yote amekusamehe.' Yale yapi? Nilisema nini mimi?"

Kimya alikuwa na pembe zake mbili mkononi. Alijua swali hili litakuja. Sentensi ile ilikuwepo, neno kwa neno, na sauti yake, na msimamizi alivyoacha kuhesabu. Angeweza kuitoa, na ingekuwa kweli tupu. Tena ilikuwa bado inauma, tusidanganyane.

"Ulisema kichwa kinakuuma," alijibu.

"Basi?"

"Asubuhi ulisema, jioni ulisema. Ulimwambia msimamizi, ukamwambia mdogo wako, ukaniambia mimi. Mengine yalikuwepo, sikufichi. Lakini hilo ndilo ulilolisema kila siku."

Kinanda aliangalia shuka lililonyooka kati yao. Kuku wa jirani alipita chini yake.

"Sasa mbona hamkunisikia?"

"Nilikuwa nimekukasirikia," alisema Kimya.

Kinanda alifikiri, akaitikia kwa kichwa taratibu. Akaanza kutembea, akiuburuta kidogo mguu ule, mikono ameinyoosha mbele. Wa kushoto ulikuwa unatetemeka, lakini pembe ilikuwepo. Kimya akaipokea juu ya vidole vya wifi yake, vidole vyote na pembe pamoja, wala hakuvuta.

"Umeshika?" aliuliza Kinanda.

"Nimeshika, wifi."

Ndipo Kinanda akaachia.